Mto Ukipungua Huku Mvua Inanyesha: Kukadiria Uwezekano wa Maporomoko Kuziba Mito ya Milimani

Hotuba kwa wakazi wa nyanda za juu na wa Bonde la Kerio kuhusu maandalizi ya msimu wa mvua

 

Kila mkazi wa ukingo huu wa Bonde la Ufa anaujua mto uliofurika. Anausikia ukinguruma usiku, na mawe yakigongana ndani ya maji. Hahitaji kufundishwa kwamba mto wa namna hiyo hauvukwi. Jambo ambalo wengi hawajalizoea ni kinyume chake. Mvua inanyesha milimani kwa saa nyingi, kisha mto unapungua. Maji yaliyobaki ni tope tupu, ngurumo inatulia, na mawe ya kuvukia yanaonekana tena. Anayeona hivyo hudhani mvua imekatika huko juu. Hushuka kuvusha mbuzi, kuokota kuni zilizoletwa na maji, au kuangalia kama banio la mfereji limebomoka.

Hakuna wakati mbaya zaidi wa kuwa mtoni. Mvua inayonyesha milimani lazima ipite mahali. Ikiwa haionekani mtoni, huenda imezuiwa mahali fulani juu, nyuma ya udongo, mawe na miti iliyoporomoka kutoka kwenye mteremko. Kizuizi hicho kikiachia, maji yote yaliyokusanyika hushuka kwa mara moja.

Hotuba hii inaeleza namna ya kukadiria, kabla ya mvua kuanza, ni wapi maporomoko yanaweza kuuziba mto, na watu wa juu na wa chini wafanye nini likitokea.

YALIYOTOKEA KARIBU

Eneo hili limezika watu wengi kwa sababu ya maporomoko. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, mvua kubwa iliangusha miteremko katika kaunti jirani ya Pokot Magharibi, na zaidi ya watu 40 wakafariki katika maeneo kama Nyarkulian na Parua. Mwezi Aprili 2020, matope na mafuriko yalikifagia kituo cha biashara cha Chesegon, kwenye mpaka wa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Mwanzoni mwa Novemba 2025, mteremko uliporomoka juu ya nyumba za watu eneo la Chesongoch, Marakwet Mashariki, na makumi ya familia bado wanaomboleza.

Si kila janga kati ya hayo lilianza kwa mto kuzibwa. Mara nyingi matope hushuka moja kwa moja hadi nyumbani kwa watu. Lakini mazingira ni yale yale: mteremko mkali, udongo ulioshiba maji, na mto mwembamba chini yake. Mahali penye uwezo wa kufunika nyumba pana uwezo wa kufunika mto.

Mfano wa wazi wa maji kuzuiwa kisha kuachiwa ulionekana Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024. Mwanzoni ilisemekana kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji inayopita chini ya tuta la reli, eneo la Kijabe ya zamani, ilizibwa na vifusi. Maji yakakusanyika nyuma ya tuta mpaka likashindwa kuyazuia. Zaidi ya watu 45 walifariki, na nyumba nyingi za Kamuchiri zikasombwa wenyewe wakiwa usingizini. Hapakuwa na bwawa lililojengwa na mtu. Bwawa lilijitengeneza lenyewe usiku ule ule.

MAMBO MANNE YA KUKAGUA

Wataalamu wa ardhi wanapotaka kujua kama maporomoko yanaweza kuziba mto fulani, huangalia mambo manne. Yote manne mkazi mwenye macho na miguu anaweza kuyakagua wakati wa kiangazi.

La kwanza ni mteremko wenyewe. Je, unaelekea mtoni moja kwa moja, au kuna uwanda katikati ambao utapokea udongo kabla haujafika majini? Je, una nyufa zilizojipinda kama mwezi mchanga? Je, miti na nguzo za ua zimeinama kuelekea chini? Je, kuna chemchemi mpya, au mahali panapobaki na unyevu hata kiangazi? Je, msitu umekatwa na kulimwa hadi kwenye ukingo wa genge? Kanuni za zamani za matumizi ya ardhi nchini Kenya zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani unaopanda mita 35 kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Mashamba mengi ya ukingo huu yamepita kiwango hicho kwa mbali.

Mifereji nayo inahusika. Mifereji ya Marakwet, iliyochimbwa na koo tangu zamani, imelisha bonde hili kwa vizazi na ni urithi wa kujivunia. Lakini mfereji uliopasuka na kuachwa ukivuja juu ya mteremko huushibisha udongo maji mwaka mzima, hata kabla ya tone la kwanza la mvua. Kuziba uvujaji kunaokoa maji ya shamba na pia kunaupunguzia mteremko mzigo.

La pili ni kitakachoporomoka. Udongo mwororo ukishiba maji huwa kama uji: ukifika mtoni hutiririka pamoja na maji, na mara nyingi hauzibi kwa muda mrefu. Mawe makubwa yaliyochanganyika na udongo na miti mizima hushikana. Magogo hukwama kati ya mawe, matawi yakashika udongo, na ukuta ukasimama. Kwa hiyo genge lenye mawe yaliyolegea na miti mikubwa juu ya mto mwembamba liangaliwe kwa makini zaidi.

La tatu ni upana wa bonde pale chini. Hili ndilo watu wengi husahau. Maporomoko yale yale yanaweza kuuziba kabisa mto unaopita kati ya magenge mawili, na yasiuzibe kabisa mto huo huo unapofika kwenye uwanda, kwa sababu maji yatapata njia ya kuzunguka.

La nne ni nguvu ya mto. Mto mkubwa wenye kasi huweza kuubeba udongo kadiri unavyoingia. Kijito kidogo huzibwa kwa urahisi. Ndiyo sababu wanaoishi kando ya vijito wasijione salama kwa kuwa jina la kijito chao halimo katika orodha ya mito mikubwa.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo mito yenyewe imeiacha. Pale mito inapotoka kwenye ukingo na kuingia bondeni, mawe makubwa yametapakaa, mengine kama nyumba. Maji ya kawaida ya mto hayawezi kubeba jiwe la ukubwa huo. Lililetwa na tope zito au na maji yaliyoachiwa ghafla. Nyumba, duka au darasa lililojengwa katikati ya mawe hayo limejengwa kwenye njia ambayo mto umewahi kuitumia.

HESABU INAYOWEZA KUFANYWA HATA KIJIJINI

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florence nchini Italia walichapisha kazi waliyoifanya juu ya visa 300 hivi vya maporomoko yaliyofika mitoni nchini mwao. Walitafuta kipimo rahisi cha kutenganisha maporomoko yaliyoziba mto na yale ambayo hayakuziba. Kipimo chao ni kuchukua ujazo wa udongo unaoporomoka kwa mita za ujazo, kisha kuugawa kwa upana wa bonde kwa mita.

Jibu likiwa chini ya 1,000, mito waliyoichunguza haikuzibwa. Likizidi 40,000 hivi, ilizibwa. Kati ya hapo, matokeo hayakutabirika: mingine ilizibwa na mingine ikapona.

Mfano ni bonde lenye upana wa mita 20. Hatari huanza pale ambapo mita za ujazo 20,000 zinaweza kuporomoka. Hicho ni kiasi gani? Ni kipande cha shamba chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 50, kikiteleza kwa kina cha mita 4. Kwa maneno mengine, ni ekari moja na robo hivi. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 10, ni safari 2,000.

Sasa mto huo huo uchukuliwe pale unapopita kati ya magenge, upana ukiwa mita 5 tu. Hapo mita za ujazo 5,000 zinatosha kuanzisha wasiwasi. Kwa kina kile kile cha mita 4, hiyo ni kama theluthi moja ya ekari. Shamba dogo la mboga linaweza kuwa kubwa kuliko hapo.

Kipimo hiki kilitengenezwa kwa mito ya Italia, na udongo wa Cherangany si udongo wa Italia. Kwa hiyo kisichukuliwe kama sheria. Faida yake ni kuonyesha mahali pa kuanzia. Kijiji kikiwa na sehemu kumi zenye mteremko mbaya, hesabu hii husaidia kuchagua zile mbili au tatu ambazo mtaalamu wa ardhi aitwe kuzikagua kwanza.

UKISHAZIBWA, KUNA MUDA GANI?

Swali linalofuata ni muda. Mwaka 1988, wataalamu wawili wa Marekani, John Costa na Robert Schuster, walichapisha uchunguzi wa vizuizi vya namna hii kutoka sehemu nyingi za dunia. Katika vizuizi 73 ambavyo umri wake ulijulikana, zaidi ya robo vilibomoka ndani ya siku moja. Zaidi ya nusu havikumaliza mwezi. Takriban asilimia 85 vilikuwa vimebomoka kabla ya mwaka kuisha. Sababu kubwa ilikuwa maji kujaa na kupita juu ya kizuizi, kisha kukikwangua kutoka juu hadi chini.

Kwa hiyo muda wa kwanza wa kukisia ni ule wa kujaa. Nao hutegemea mwinuko wa mto.

Kizuizi kichukuliwe kuwa na kimo cha mita 5, katika bonde la upana wa mita 20. Ikiwa ni kwenye ukingo mkali, ambapo mto hushuka mita 1 kwa kila mita 10, maji yatakayokusanyika nyuma yake yatarudi nyuma mita 50 tu. Hiyo ni kama mita za ujazo 2,500. Ikiwa ni katika mabonde ya juu yenye mwinuko mdogo, ambapo mto hushuka mita 1 kwa kila mita 100, maji yatarudi nyuma nusu kilomita, na ujazo utafika mita 25,000. Kizuizi ni kile kile, lakini maji ni mara kumi.

Kijito kinachopitisha mita za ujazo 2 kwa sekunde wakati wa mvua kitajaza nafasi ile ndogo kwa dakika 20 hivi. Nafasi kubwa kitaijaza kwa muda wa saa tatu na nusu. Maporomoko yakitokea saa saba usiku, maji yatafika juu ya kizuizi kama saa kumi na nusu alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Kizuizi kikibomoka na maji hayo yakatoka kwa dakika 10, mto utashuka ukiwa na nguvu ya mara 20 ya ulivyokuwa kabla ya kuzibwa.

Hesabu hizi ni za mfano, lakini zinafundisha mambo mawili. Kwanza, hakuna muda wa kungojea gari litoke makao makuu ya kaunti lije kuangalia. Pili, mabonde ya juu yenye kuonekana tulivu ndiyo yanayoweza kuhifadhi maji mengi ya kuwaangukia watu wa chini.

MITO MITATU ILIYOZIBWA

Historia ina mifano ya mito iliyozibwa ambapo watu walipewa habari, na mingine ambapo hawakupewa.

Mwezi Septemba 1893, katika milima ya Garhwal kaskazini mwa India, mlima uliporomoka karibu na kijiji cha Gohna na kuuziba mto Birahi Ganga. Kizuizi kilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 250, na ziwa likaanza kujaa nyuma yake. Wahandisi walipima ukubwa wa bonde na kiasi cha maji yanayoingia, wakakadiria kwamba ziwa litajaa na kumwagika katikati ya Agosti mwaka uliofuata. Hawakuwa na njia ya kulizuia. Walichofanya ni kuweka mhandisi wa kulichunga ziwa, kutandika waya wa simu za maandishi hadi miji ya chini, kuondoa madaraja ya kamba, kuwaelekeza mahujaji kwenye njia nyingine, na kuweka alama kwenye miteremko kuonyesha kimo ambacho maji yangefika.

Maji yalianza kupita juu ya kizuizi tarehe 25 Agosti 1894, na usiku huo kikabomoka. Mji wa Srinagar wa Garhwal uliharibiwa. Waliokufa walikuwa watano, watu wa familia moja ambao walikuwa wamehamishwa kisha wakarudi.

Miaka 39 baadaye, tarehe 25 Agosti 1933, tetemeko la ardhi liliangusha milima eneo la Diexi, mkoa wa Sichuan nchini China, na mto Min ukazibwa. Maji yalikusanyika kwa siku 45. Tarehe 9 Oktoba kizuizi kikabomoka, na zaidi ya watu 2,000 wakafa katika bonde la chini.

Mfano wa tatu ni wa karibuni. Tarehe 4 Januari 2010, mlima uliporomoka Attabad, katika bonde la Hunza nchini Pakistan. Watu 20 hivi walifariki papo hapo na mto Hunza ukazibwa. Ziwa lilirudi nyuma zaidi ya kilomita 20, likameza nyumba, mashamba na barabara kuu ya kwenda China. Wahandisi walichimba mfereji juu ya kizuizi ili maji yapate kutoka polepole, na mwishoni mwa Mei maji yakaanza kupita humo. Kizuizi hakikubomoka. Ziwa liko hadi leo, na barabara ilibidi ipitishwe ndani ya milima kwa mahandaki.

Attabad inakumbusha kwamba hatari si ya watu wa chini peke yao. Wa kwanza kupoteza mashamba ni wale wa juu ya kizuizi, maji yanapowarudia. Gohna inaonyesha kwamba kizuizi kisichoweza kuondolewa kinaweza bado kusababisha vifo vichache sana, mradi mtu mmoja anakitazama na habari yake inafika chini kabla ya maji.

WATU WA JUU NI MACHO YA WATU WA CHINI

Hapa kwetu, waya wa Gohna ni simu ya mkononi, redio, filimbi na kengele ya kanisa. Mkazi wa juu anaweza kuona mteremko ukianguka. Mkazi wa bondeni haoni kitu ila mto unaopungua. Bila mmoja kuzungumza na mwingine, kila mmoja ana nusu ya habari.

Kwa hiyo kila kijiji kinahimizwa kufanya mambo yafuatayo kabla ya mvua.

Mzee wa kijiji na naibu wa chifu watembee kando ya mto pamoja na vijana wawili au watatu, wakati wa kiangazi, kutoka banio la mfereji la juu hadi kituo cha biashara. Waandike kila mahali ambapo bonde limebanwa na mteremko juu yake una nyufa au mawe yaliyolegea. Wapime upana kwa kamba. Orodha hiyo ipelekwe kwa msimamizi wa wadi ili wataalamu wajue pa kuanzia.

Vijiji vya juu na vya chini vya mto mmoja wabadilishane nambari za simu. Hapa mpaka wa kata, wa wadi au wa kaunti usiwe kizuizi. Mto haujui mpaka, kama Chesegon ilivyoonyesha.

Vikundi vya mifereji vichague watu wa kuangalia maji. Mtu anayefungua na kufunga banio kila siku anaujua mto kuliko yeyote. Akiona maji yamepungua ghafla huku mvua inanyesha milimani, au yamegeuka tope zito lenye majani mabichi na mizizi, ajulishe kabla ya kushuka kuchunguza. Asishuke kuchunguza.

Madaraja madogo na makalvati yasafishwe. Kalvati lililozibwa na magogo chini ya tuta la barabara ni kizuizi kilichokwisha kujengwa nusu. Mai Mahiu ilifundisha hivyo kwa gharama kubwa.

Walimu wakuu wa shule zilizo kando ya mito wachague mahali pa kukimbilia. Pawe juu na kando ya mto, kamwe pasiwe chini kufuata mkondo. Watoto wafanye zoezi la kwenda huko angalau mara moja kila muhula. Nyumba zenye wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu na akina mama waliojifungua karibuni zipangiwe jirani wa kuwasaidia, na jirani huyo ajulikane kwa jina.

MTO UKIPUNGUA GHAFLA

Dalili ikionekana, utaratibu ni mfupi.

Watu waondoke kando ya mto mara moja, wapande kwenye mwinuko ulio salama, wala wasipite chini ya mteremko wenye nyufa. Wasivuke mto, hata kama maji yanafika kwenye kifundo cha mguu tu. Mwenye bodaboda asijaribu kuwahi daraja. Mifugo ifunguliwe ijiokoe. Asirudi mtu kwa ajili ya mbuzi.

Taarifa itolewe kwa naibu wa chifu, na kwa simu za dharura: 999 au 112 kwa polisi, na 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Anayepiga aseme jina la mto, mahali alipo, saa aliyoona mto ukipungua, na kama ameona au amesikia maporomoko.

Vijana wasiende kukivunja kizuizi kwa majembe. Kutoboa kizuizi ni kazi ya wahandisi, na hufanywa baada ya watu wa chini kuhamishwa. Mfereji uliochimbwa bila kipimo unaweza kukibomoa kizuizi chote, na wachimbaji wakiwa juu yake.

Wimbi la kwanza likipita, watu wasirudi mara moja. Maporomoko mengine yanaweza kufuata katika mteremko ule ule, kwa sababu mguu wake umekatwa na maji. Familia ile ya Gohna ilikuwa imeokolewa tayari. Ilikufa kwa kurudi.

Na ikiwa watu wameondoka, wakangoja juu kwa saa nne kwenye baridi, na maji hayakuja, asichekwe aliyetoa habari. Pengine mto uliuondoa udongo polepole, au mvua kweli ilikatika. Kijiji kinachomcheka mtoa habari mwaka huu hakitapewa habari mwaka ujao.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Kwa wakazi wa ukingo huu, mto unaopungua mvua ikinyesha ni dalili nyingine ya kujifunza, na ya kuwafundisha watoto kabla mawingu hayajakusanyika juu ya Cherangany.